Kuchaji kwa Usalama Betri za Lithiamu katika Vifaa vya Kujitengenezea Nyumbani

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza: kueleza kwa nini betri ya lithiamu inahitaji chaja yake maalumu, kuchagua chaja inayolingana na seli aliyonayo, kukagua seli zilizotolewa katika vifaa vya zamani, kupanga mahali salama pa kuchajia, na kuchukua hatua zinazofaa iwapo betri itavimba, itatoa moshi au itawaka.

Utangulizi

Katika miji na vijiji vyetu imeenea desturi njema ya kutotupa kitu kabla ya kukitafutia kazi ya pili. Betri ya kompyuta mpakato iliyochoka hufunguliwa, seli zake zikatolewa na kutiwa katika taa ya kusomea, redio, feni ndogo au pawabenki ya kujitengenezea. Wanafunzi hujifunza elektroniki kwa njia hiyo, mafundi hujipatia riziki, na familia huwa na mwanga pindi umeme unapokatika. Kijitabu hiki hakikusudii kuizuia kazi hiyo. Kinakusudia ifanywe bila kuihatarisha nyumba na walio ndani yake.

Hatari ipo kwa sababu vifaa hivi mara nyingi huchajiwa usiku, katika chumba wanamolala watu, na huchajiwa kwa chochote kilicho karibu: waya wa chaja ya simu uliokatwa, kontrola ya sola iliyotengenezwa kwa ajili ya betri za gari, au paneli ya sola iliyounganishwa moja kwa moja. Taa huwaka, mwenyewe huridhika, na kosa hubaki limejificha hadi siku betri itakapozidiwa.

Jambo kuu la kukumbuka katika somo zima ni hili: betri ya lithiamu haijui kukomea. Ikiendelea kupewa umeme, itaendelea kuupokea hata baada ya kujaa, mpaka iharibike. Kinachopaswa kujua mahali pa kukomea ni chaja. Kwa hiyo anayetengeneza kifaa chenye betri ya lithiamu anatengeneza vitu viwili: kifaa chenyewe, na utaratibu wa kuikomesha chaji.

1. Betri ya lithiamu ni kitu gani

Betri za lithiamu za kuchajika zilianza kuuzwa mwaka 1991, zikitolewa na kampuni ya Sony ya Japani. Mwaka 2019 wanasayansi John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyozaa betri hizo. Sifa yake kubwa ni kubeba nishati nyingi katika umbo dogo na jepesi. Sifa hiyohiyo ndiyo asili ya hatari yake, kwa kuwa nishati iliyobanwa mahali padogo ikitoka kwa mkupuo hugeuka kuwa moto.

Ndani ya seli moja mna pande mbili: upande hasi, ambao kwa kawaida ni wa grafiti, na upande chanya, ambao ni mchanganyiko wa lithiamu na metali nyingine. Kati yake kuna utando mwembamba wa plastiki unaozitenganisha pande hizo, na kimiminika kinachopitisha chembe za lithiamu. Kimiminika hicho kinaweza kuwaka kama vile petroli inavyoweza kuwaka. Seli inapochajiwa, chembe za lithiamu huhama kutoka upande chanya na kuingia katika grafiti. Inapotumika, hurudi zilikotoka.

Seli ya aina iliyo ya kawaida huandikwa volti 3.6 au 3.7. Namba hiyo ni ya wastani tu. Seli iliyojaa hupima volti 4.20, na iliyokwisha hupima takriban volti 3.0. Ikichajiwa kupita 4.20, lithiamu huanza kujibandika juu ya grafiti kama metali badala ya kuingia ndani yake, na upande chanya hupoteza uthabiti. Metali hiyo yaweza kuota mithili ya sindano na kuutoboa utando. Hapo pande mbili hugusana, joto hupanda, joto hilo huchochea joto zaidi, na seli huweza kupasuka na kutoa miali ya moto. Mchakato huo ukishashika kasi, kuchomoa chaja hakutausimamisha.

Hata viwanda vikubwa havikusalimika na tatizo hili. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuzirudisha kutoka kwa wateja simu zake za Galaxy Note7 kote duniani kwa sababu ya betri zilizoshika moto. Ikiwa kasoro ndogo ya kiwandani ilitosha kuleta hayo, mtengenezaji wa nyumbani hana budi kuwa na tahadhari maradufu.

2. Jinsi chaji sahihi inavyokwenda

Chaja halisi ya lithiamu hufanya kazi kwa awamu mbili. Katika awamu ya kwanza hutoa mkondo usiobadilika, huku volti za seli zikipanda polepole hadi 4.20. Katika awamu ya pili chaja huzishikilia volti palepale kwenye 4.20, nao mkondo hupungua wenyewe kadiri seli inavyojaa. Mkondo ukishapungua na kufikia takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, chaja huukata kabisa.

Mtu anayejaza mtungi wa maji kwa mpira hufanya vivyo hivyo. Mwanzoni hufungua bomba vya kutosha; mtungi ukikaribia kujaa hulipunguza; ukijaa hulifunga. Asiyelifunga hupata maji sakafuni. Katika betri ya lithiamu, kinachomwagika ni moto.

Kiasi cha mkondo nacho kina mpaka. Kanuni inayofaa kwa seli nyingi ni kutumia mkondo usiozidi nusu ya ujazo wake. Seli yenye ujazo wa miliampea-saa 2,000, ambao huandikwa mAh 2,000, ichajiwe kwa mkondo wa miliampea 1,000, yaani ampea 1, au chini ya hapo. Seli ndogo bapa ya mAh 400 isizidishiwe miliampea 200.

3. Makosa matatu yanayoonekana mara nyingi

Kosa la kwanza ni kuiunganisha chaja ya simu moja kwa moja na seli. Kile kinachoitwa chaja ya simu, kinachochomekwa ukutani, hakika si chaja ya betri. Ni kigeuza umeme kinachotoa volti 5. Chaja yenyewe, ile inayojua kukomea, imo ndani ya simu. Anayekata waya na kuuunganisha na seli tupu ameiacha sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Seli itasukumwa kuelekea volti 5, hali mwisho wake ni 4.20.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila kitu cha "volti 12" kinafanana. Seli tatu za lithiamu za volti 3.7 zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa takriban volti 11, na zikijaa hufika volti 12.6. Wengi huzichukua wakaziunganisha na kontrola ya sola iliyokusudiwa kwa betri ya asidi kama ile ya gari. Kontrola ya namna hiyo huchaji hadi takriban volti 14.4. Gawanya 14.4 kwa seli tatu: kila seli hupata volti 4.8. Huo ni mzigo mkubwa mno kwa seli ambayo mwisho wake ni 4.20. Paneli ya sola ya "volti 12" iliyounganishwa bila kontrola ni mbaya zaidi, kwa kuwa juani, isipokuwa na mzigo, huweza kutoa volti 20 na ushei.

Hapa ni vyema kutaja kwamba ipo aina nyingine ya lithiamu, yenye chuma na fosfati, ambayo huandikwa LiFePO4. Seli yake ni ya volti 3.2, na hujaa ikifika volti 3.65. Haiwaki kwa urahisi kama ile ya kwanza, lakini nayo ina chaja yake. Ukiiweka katika chaja ya volti 4.20 umeizidishia. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua chaja si "betri hii ni ya volti ngapi?" tu, bali pia "betri hii ni ya aina gani?" Usiyeweza kulijibu swali hilo kwa hakika, usiichaji betri hiyo.

Kosa la tatu ni kukitegemea kibao cha ulinzi kana kwamba ni chaja. Kibao hicho hufungwa kwenye betri na kazi yake ni kukata umeme mambo yanapoharibika: volti zinapozidi, zinapopungua mno, au nyaya zinapogusana. Vibao vingi hukata volti zinapofika karibu 4.3 kwa seli, yaani baada ya mpaka kuvukwa. Ni mlinzi wa mwisho mlangoni. Anayemwamsha mlinzi huyo kila siku asishangae siku moja akimkuta hayupo.

4. Kuchagua na kutumia kibao cha kuchajia

Kwa kifaa chenye seli moja, au seli kadhaa zilizounganishwa sambamba, mafundi wengi hutumia kibao kidogo cha bei nafuu chenye chipu ya TP4056. Kikitumiwa ipasavyo kinafaa, kwa kuwa hufuata zile awamu mbili tulizozieleza, hukomea kwenye volti 4.20, na hukata mkondo ukishuka hadi sehemu moja ya kumi. Yapo, hata hivyo, mambo matano ya kuzingatia.

Kwanza, chagua kibao chenye ulinzi. Vibao hivi huuzwa kwa namna mbili zinazofanana sana. Chenye ulinzi huwa na sehemu sita za kuunganishia nyaya: mbili za umeme unaoingia, mbili za betri zilizoandikwa B+ na B-, na mbili za kwenda kwenye kifaa zilizoandikwa OUT+ na OUT-. Kisicho na ulinzi hakina zile mbili za mwisho.

Pili, rekebisha mkondo ulingane na seli. Vibao vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kutoa ampea 1. Kwa seli ya mAh 2,000 hilo ni sawa. Kwa seli bapa ya mAh 400 ni hatari, kwa maana ni mara tano ya kiasi tulichokitaja. Mkondo hupangwa na rezista moja ndogo. Ili kupata thamani inayofaa, gawanya 1,200 kwa idadi ya ampea unazotaka. Jibu litakuwa katika omu. Kwa ampea 1 inatakiwa rezista ya omu 1,200. Kwa ampea 0.2 inatakiwa omu 6,000. Asiyeweza kubadilisha rezista hiyo atafute kibao kilichopangwa kwa mkondo mdogo, au atumie seli kubwa zaidi.

Tatu, zima kifaa kinapochajiwa. Chipu hutambua kwamba seli imejaa kwa kuona mkondo umepungua. Iwapo taa au redio inaendelea kuvuta umeme wakati huohuo, mkondo hautapungua vya kutosha, nayo chipu itaendelea kuchaji bila kukata. Swichi moja kati ya kibao na kifaa yatosha kuliondoa tatizo hilo.

Nne, kitenge kibao mbali na seli. Kibao hiki hupunguza volti kwa kugeuza ziada kuwa joto. Kikipokea volti 5 na seli ikiwa na volti 3.7, kwa ampea 1 hutoa joto la takriban wati 1.3, na huwa cha moto kukigusa. Kukigundisha juu ya seli ili kuokoa nafasi ni kuipasha seli moto kila inapochajiwa. Acha nafasi, na utoboe matundu ya hewa katika kasha.

Tano, pima kabla ya kuamini. Baada ya kumaliza kuunganisha, chaji kwa mara ya kwanza ukiwa macho na ukiwa hapo, huku ukipima volti za seli kwa multimita kila baada ya nusu saa. Taa ya kibao ikionyesha kwamba betri imejaa, seli ipime kati ya volti 4.15 na 4.20. Ikipita 4.25, chomoa na usikitumie tena kibao hicho. Multimita ya bei nafuu hugharimu fedha kidogo kuliko godoro litakaloungua.

Kibao cha aina hii kisitumiwe kwa seli zilizounganishwa kwa mfululizo. Betri ya mfululizo inahitaji chaja ya jumla ya volti zake, kwa mfano 8.4 kwa seli mbili na 12.6 kwa seli tatu, pamoja na kibao chenye uwezo wa kusawazisha seli. Bila usawazishaji, seli moja dhaifu huchoka mapema inapotumika na huzidiwa inapochajiwa, ingawa jumla ya volti inaonekana ni sahihi. Kwa anayeanza kujifunza, ushauri wetu ni kubaki na seli moja, au seli zinazofanana zilizounganishwa sambamba. Kabla ya kuziunganisha sambamba, hakikisha volti zake zinalingana. Seli iliyojaa ikiunganishwa na iliyokwisha huimiminia mkondo mkubwa kwa ghafla.

5. Kuzikagua seli za zamani

Seli za mviringo zinazopatikana katika betri za kompyuta mpakato huitwa 18650, yaani milimita 18 kwa upana na milimita 65 kwa urefu. Zilizotolewa katika betri iliyochoka si zote zilizoharibika. Mara nyingi ni moja au mbili zilizoangusha nyingine. Kazi ya mtumiaji ni kuzitenga nzima na mbovu, kwa hatua zifuatazo.

Itazame. Seli iliyovimba, iliyobonyea, iliyopata kutu au inayotoa harufu ya kemikali isitumiwe. Angalia pia ganda lake la plastiki. Mwili wote wa seli hiyo, mpaka kwenye ukingo wa ncha yake chanya, ni upande hasi. Ganda likichanika hapo, waya mmoja uliolegea hutosha kusababisha shoti.

Ipime. Seli iliyokutwa chini ya volti 2 isifufuliwe. Ikikaa katika hali hiyo, shaba iliyo ndani yake huyeyuka na baadaye huweza kujenga daraja kati ya pande mbili. Baadhi ya watu huiamsha seli ya namna hiyo kwa kuigusisha na betri nyingine yenye nguvu. Seli huonekana imepona, lakini kilichopona ni namba iliyo kwenye mita.

Ichaji peke yake na uiguse. Ikipata joto la kukera mkono wakati wa kuchaji kwa mkondo wa kawaida, itenge.

Iache ipumzike. Baada ya kujaa, iweke kando kwa wiki mbili kisha uipime tena. Seli nzima hushuka kidogo sana. Iliyoshuka chini ya volti 4.0 bila kutumika inavuja umeme kwa ndani, nayo haifai.

Anayenunua seli mpya naye ajihadhari na maandishi ya uongo. Seli bora za 18650 huwa na ujazo wa kati ya mAh 2,000 na takriban 3,600. Iliyoandikwa mAh 9,900 haisemi kweli, na asiyesema kweli kuhusu ujazo hawezi kuaminiwa kuhusu usalama. Uzito nao ni shahidi: seli halisi huwa na takriban gramu 45 hadi 50, nyepesi mno ni ya kutiliwa shaka. Tafuta kwenye kifungashio kiwango cha kimataifa cha usalama IEC 62133, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, au ya shirika la viwango la nchi yako. Dai risiti, uitunze, na uirudishe bidhaa isiyolingana na maelezo yake.

Mwisho, usilehemu nyaya moja kwa moja kwenye seli. Joto la kulehemu huharibu utando na muhuri wa ndani. Tumia kishikizi cha seli chenye springi, au nunua seli zenye vibati vilivyokwisha kuunganishwa kiwandani, kisha ulehemu kwenye vibati hivyo. Weka pia fyuzi katika waya chanya, karibu na seli kadiri iwezekanavyo.

6. Mahali na wakati wa kuchajia

Hata utaratibu mzuri waweza kushindwa. Kwa hiyo mahali pa kuchajia pachaguliwe kana kwamba siku moja betri itawaka.

Chajia juu ya sakafu ya saruji, kigae au ndani ya sufuria ya chuma isiyofunikwa kwa kubana. Usichajie kitandani, juu ya kochi, chini ya mto, kwenye zulia au kando ya pazia.

Usichajie karibu na mlango. Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani, na katika chumba kimoja cha kupanga mlango ndio njia pekee ya kutokea. Moto ukianzia mlangoni, waliolala ndani hawana pa kupita. Betri iwekwe upande ulio mbali na njia, na ufunguo wa mlango uwe mahali panapojulikana na kila mmoja.

Usichaji kifaa cha kujitengenezea wakati watu wamelala au nyumba ikiwa haina mtu. Seli moja ya mAh 2,000 kwa ampea 1 hujaa katika muda wa saa mbili hadi tatu. Hakuna haja ya kuiacha usiku kucha. Aanze jioni mapema na achomoe kabla ya kulala.

Epuka joto. Seli nyingi zimetengenezwa kuchajiwa katika joto lisilozidi nyuzi 45 za Selsiasi. Chini ya paa la bati lisilo na dari, adhuhuri ya kiangazi, au ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto hilo hupitwa kwa urahisi. Anayechaji kwa sola aweke paneli juani na betri kivulini.

Betri itakayokaa muda mrefu bila kutumika isihifadhiwe ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Iachwe kwenye volti 3.7 hadi 3.8, mahali pakavu na pa baridi, mbali na watoto.

7. Mambo yakiharibika

Dalili za hatari ni kuvimba, joto lisilo la kawaida, harufu ya kemikali, sauti ya hewa inayofoka, na moshi. Zikitokea, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kama ni uvimbe au joto tu, zima umeme ukutani, chomoa, kisha ukipeleke kifaa nje, mbali na kitu chochote kinachoweza kuwaka, iwapo waweza kufanya hivyo bila kuungua. Usiitoboe seli iliyovimba kwa nia ya kutoa hewa.

Kama kuna moshi au mfoko wa hewa, usiiguse. Toa watu wote nje, watoto na wazee kwanza, na ufunge mlango nyuma yako. Moshi huo una gesi za sumu; usisubiri kuona moto ndipo utoke. Ukiwa nje, ikiwezekana zima swichi kuu ya umeme, kisha piga simu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nchini Tanzania namba ni 114, na kupiga ni bure.

Maji mengi hufaa kupoza seli ndogo ya lithiamu na kuzuia moto usienee, mradi umeme wa ukutani umekwisha kuzimwa nawe una njia ya kutokea nyuma yako. Mchanga huzuia cheche kuruka lakini haupozi seli. Moto ukizimika, usiirudishe betri ndani, kwa sababu huweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.

Seli mbovu isichomwe pamoja na takataka nyuma ya nyumba wala isitupwe jalalani, ambako watoto huokota vitu vya kuchezea. Funika ncha zake mbili kwa utepe wa plastiki, iweke katika chombo kisicho cha chuma, na uipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki au uulizie ofisi ya mazingira ya halmashauri yako.

8. Maswali ya kujipima

1. Jirani ana seli tatu za lithiamu za volti 3.7 zilizounganishwa kwa mfululizo. Anataka kuzichaji kwa kontrola ya betri ya gari ambayo haibadilishiki. Utamshauri nini?

2. Una seli bapa ya mAh 600 na kibao cha TP4056. Unahitaji rezista ya omu ngapi?

3. Umefungua betri ya kompyuta mpakato na kukuta seli moja ina volti 1.2. Fundi anasema anaweza kuiamsha. Je, ukubali?

4. Mwanao ametengeneza taa yenye kibao cha ulinzi, na anaichaji kwa waya wa simu uliounganishwa moja kwa moja na betri. Anasema kibao kitailinda. Amekosea wapi?

Majibu

1. Asizichaji kwa kontrola hiyo. Itazipandisha hadi volti 14.4, yaani volti 4.8 kwa kila seli. Atumie chaja ya lithiamu ya volti 12.6 na kibao chenye usawazishaji.

2. Nusu ya ujazo ni miliampea 300, yaani ampea 0.3. Gawanya 1,200 kwa 0.3, jibu ni omu 4,000. Rezista yenye thamani kubwa zaidi pia ni salama. Itachaji polepole tu.

3. Usikubali. Seli iliyoshuka kiasi hicho huweza kuwa imeharibika ndani hata ikionyesha volti nzuri baadaye.

4. Kibao cha ulinzi hukata baada ya mpaka kuvukwa, hakidhibiti chaji. Awekewe kibao cha kuchajia kati ya umeme wa volti 5 na seli. Nawe usiizime ari yake: kaa naye, pimeni pamoja volti za seli mara ya kwanza inapochajiwa, na kabla ya kulala chomoeni chaja.